Mfuko wa Papa Bonbon

Mteja wangu wa kwanza wa aina hii aliniambia anataka mfuko wa simu. Alikuwa Mzungu mpole mwenye kitambi na aibu nyingi. Alisimama mbele ya kioo changu pale Brooklyn Center, Minnesota, akizungukazunguka na maneno. Mfuko uwe na kina, alisema, uwe wa kitambaa kigumu, na simu isijichore kwa nje. Nikapima kwa simu yangu. Akasema yake ni nene zaidi. Nikamuuliza ni simu gani hiyo yenye kitako, akawa mwekundu mpaka shingoni. Basi nikamwambia, baba, hapa ni kama kwa daktari, weka aibu kando. Nionyeshe kibali chako cha silaha, halafu nenda ukanichoree umbo la hicho chuma kwenye karatasi. Chenyewe sitaki kukiona juu ya meza yangu ya kukatia.

Nawaambia haya nyinyi mnaokuja Jumamosi kujifunza cherehani katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu nimeiona mifuko mnayoshona. Kola mnazishona vizuri, zipu mnazilaza sawasawa, lakini mkifika kwenye mfuko mnaharakisha, eti hauonekani. Mimi nimestaafu na macho yamechoka, ila mdomo bado mzima, kwa hivyo mtanisikiliza. Na wewe unayenijibu kwa Kiingereza kila nikikuuliza, jibu tu, nakuelewa.

Nilikuja huku nikiwa fundi tayari. Kisii nilikuwa na kibanda sokoni, nikishona sare za shule, nguo za kwaya na magauni ya harusi. Lakini mfuko wa bastola nilifundishwa na mzee mmoja wa Saint Paul aitwaye Orrin, fundi wa suti aliyeniajiri nilipofika. Alikuwa mrefu, na mikono yake mikubwa hivi kwamba nilijiuliza anatiaje uzi kwenye sindano. Alishonea polisi wastaafu, wenye maduka ya dhahabu, na bibi mmoja mwembamba aliyelinda ofisi ya mawakili. Mfuko wangu wa kwanza nilipoumaliza, alitumbukiza ndani nyundo ndogo, akaniambia nivae ile suruali juu ya sketi yangu nitembee. Nikatembea kutoka mlangoni hadi kwenye pasi. Kabla sijafika, upande mmoja ulikuwa umeshuka hadi kwenye paja, na Orrin amekaa chini anakohoa kwa kicheko. Niliumia, lakini nilielewa.

Revolva ndogo, ile bastola fupi yenye gurudumu la risasi katikati, ukiishika mkononi utasema ni nyepesi. Itie mfukoni kutwa nzima uone. Kitambaa cha mfuko kinachotoka kiwandani ni chepesi sana, hutoboka kona, na mtutu ukachungulia nje. Kwa hivyo fumua wote, usitie kiraka. Weka kitambaa kizito cha pamba, kilichosukwa kwa kubana, kilicho laini upande wa ndani ili chuma kisinase. Kisha usiuning'inize kwenye mshono wa pembeni peke yake. Upandishe hadi kwenye ukanda wa kiuno, uushonee pale, ili uzito ubebwe na mshipi. Mdomo uwe mpana wa kutosha mkono kuingia mtupu na kutoka umeshika kitu. Kona rudia mishono mpaka uchoke.

Na ndani ya mfuko lazima kuwe na ala ya ngozi, kifuko kidogo kinachoifunika bastola pale pa kufyatulia na kuifanya ikae wima. Mteja akikuambia hahitaji ala, mrudishie suruali yake, mtakie siku njema.

Risasi za akiba nazo zina mambo yake. Revolva hula risasi chache, kwa hivyo wengi hupenda kubeba nyingine. Zikiachwa ovyo zinagongana, zinakusanya vumbi la nguo, na ukizihitaji zinatoka kichwa chini. Kuna kipande cha mpira kinachozishika kwa mstari, bapa kama pakiti ya chingamu. Hicho kishonee mfuko mwembamba upande wa pili, wenye kifuniko kidogo. Orrin hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapa alikuwa mkali. Mfuko wa bastola ukae bastola tu. Mfuko wa risasi ukae risasi tu. Si funguo, si sarafu, si tishu uliyofutia kamasi.

Kuna bwana aliyempuuza. Alikwenda kununua kahawa, akachota kilichomo mfukoni, akamwaga juu ya kaunta. Binti wa dukani akazitenga sarafu, na risasi moja akairudisha kwa ncha ya kidole, akamwambia pole, hiyo hatuipokei. Bwana yule alirudi kwetu siku hiyohiyo, kahawa haijapoa.

Siku hizi mnaniletea balaa nyingine, hizi suruali za kuvutika. Kijana alikuja kwangu na suruali iliyombana kama ngozi ya soseji, anataka nimfichie bastola humo. Nikamwambia, mwanangu, humo hata kibali chenyewe hakiingii. Alicheka, na suruali ikaachia mshono.

Sheria ya mwisho ya Orrin ilikuwa kuhusu koti. Hakuwahi kushona mfuko wa bastola kwenye koti, hata umlipe vipi. Nilimuuliza sababu. Akaniambia suruali mtu huivua kwake, lakini koti huvuliwa nyumbani kwa watu. Niliona ni ukaidi wa uzee.

Sasa niwape habari za Papa Byamungu.

Baadhi yenu mmekula peremende zake. Ni mtu mfupi, Mkongomani wa Bukavu, mwenye koti kubwa la kahawia linalomfika chini ya magoti. Alipewa koti hilo na kanisa mara tu alipofika, na hakuna aliyemwonea wivu. Lakini mfuko wake wa kushoto ulijaa peremende, na watoto wote wa kanisa walijua. Hawakuomba. Baada ya ibada walikuwa wanakuja tu kwa nyuma na kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, naye anaendelea kuzungumza na mchungaji kana kwamba hajahisi kitu. Walimwita Papa Bonbon. Alikuwa na watoto wake wanne nyumbani, mdogo wao Neema, lakini ungemwona pale ungedhani wote ni wake.

Siku moja alikuja kibandani kwangu. Kazi ya kusafisha ofisi ilikuwa imemvunja mgongo, akasomea ulinzi, akapata kibali, na sasa kampuni fulani ilikuwa imempa lindo la bohari, na silaha.

"Mama Kerubo, mushahara iko muzuri kidogo," aliniambia. "Naomba unitengenezee mufuko. Lakini uweke kwa koti. Kwa hii baridi koti inafunika yote, kwa suruali sitafikisha mukono."

Nikalitazama lile koti, nikalitazama na vumbi la sukari kwenye mdomo wa mfuko wa kushoto.

"Papa, koti hili si lako peke yako," nilimwambia. "Lina wenyewe, na meno yao bado ni ya maziwa."

Alicheka sana. Akakubali nimshonee kwenye suruali, na nilimshonea kazi ambayo Orrin mwenyewe angeivulia kofia. Kulia bastola, kushoto mfuko mwembamba wa risasi. Alitembea mbele ya kioo, akaruka kidogo, hakuna kilichoshuka. Akaniambia merci, akanipa peremende ya limau.

Ilipofika katikati ya baridi, Moraa alifanya maombi ya shukrani nyumbani kwake. Moraa ni muuguzi, jirani yangu, mtu wa Kisii kama mimi, na alikuwa amefaulu mtihani fulani wa kazi uliomsumbua muda mrefu. Ilikuwa Jumapili mchana, theluji imefika hadi kwenye ngazi za mlango. Mnajua nyumba zetu siku kama hiyo. Viatu vinabaki mlangoni, sufuria za kuku na pilau ziko jikoni, na makoti yote yanapelekwa juu chumbani, yanarundikwa kitandani mwa mwenye nyumba. Na watoto wakichoka na maombi wanapanda hukohuko kuruka juu ya makoti.

Papa Byamungu alifika akitoka kazini moja kwa moja, tukiwa tumeshasimama, macho tumefumba. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anaomba. Alikuwa ameanza na Moraa, akaingia kwa wauguzi wote wa Minnesota, akavuka bahari, na sasa alikuwa Afrika anaombea marais. Nikasikia mlango, nikafumbua jicho moja. Papa aliinamisha kichwa palepale alipo, na Moraa, kwa heshima ya mwenyeji, akamjia kwa nyuma na kumvua lile koti polepole asimkatize maombi. Kwetu mgeni haachwi na koti lake mwilini, ni kama kumwambia asikae. Moraa akalipandisha juu, akarudi, akafumba macho.

Mimi jicho langu lilibaki wazi. Nilikuwa naangalia suruali. Mfuko ule niliushona mimi, na nilijua unavyokaa ukiwa na kitu ndani. Ulikuwa bapa.

Nikamtazama usoni. Alikuwa ametoa macho, anapapasa paja lake la kulia kama mtu aliyepoteza funguo. Baadaye alinieleza. Kule kwenye lindo, nje kwenye upepo, alishindwa kuifikia bastola chini ya koti, akaihamishia kwenye mfuko wa kulia wa koti ikiwa ndani ya ala yake. Kile kipande cha mpira cha risasi za akiba kilikatika kwa baridi, akazimwaga kushoto, kwenye peremende. Alikusudia kupanga kila kitu upya garini kabla ya kuingia kwa watu. Lakini alikuwa amechelewa, na aliegesha mbali, na kulikuwa na upepo.

Nikamuuliza kwa nyusi. Akanyoosha kidevu kuelekea ngazi. Nikatafuta watoto sebuleni. Hakuna hata mmoja. Neema hakuwa ubavuni mwa mama yake, aliyetangulia kufika naye.

Nilipita katikati ya watu wakisali, nikamkanyaga mtu kidole na sikuomba radhi. Papa alikuwa mbele yangu. Tulipanda ngazi na soksi zetu, bila kukimbia, maana tuliogopa watu wakishtuka watapiga kelele, na kelele ndiyo hatukuitaka.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamepanga mstari mbele ya kitanda. Neema amesimama juu ya rundo la makoti, amelivaa koti la baba yake, mikono imempita, pindo limemwagika kila upande. Alikuwa anajifanya Papa Bonbon. Anatumbukiza mkono kushoto, anatoa, anaweka kwenye kiganja cha mwenzake, anasema merci kwa sauti nzito. Mtoto wa mbele alikuwa na peremende. Wa pili alikuwa na risasi, anaigeuzageuza itoe mwanga. Kemunto, mtoto wa Moraa, shavu lake lilikuwa limevimba, anamung'unya.

Neema akapapasa kushoto tena, akakuta pamekwisha.

"Mungojee," akawaambia wenzake. "Kuko ingine huku." Na mkono wake wa kulia ukaanza kutafuta mdomo wa mfuko ndani ya ile mikunjo mikubwa ya koti.

Nasema ukweli, sikuwa na la kufanya. Nikimrukia ataushikilia mfuko kwa nguvu zaidi, ndivyo watoto walivyo. Nikimfokea, vivyo hivyo. Ni Papa aliyepata la kusema. Chini mzee bado alikuwa na marais. Papa akashusha sauti, akaitoa kama ya mchungaji.

"Watoto," akasema. "Tunaomba. Mikono juu, macho funga."

Yote ikapanda. Hiyo wamefundishwa tangu hawajajua kutembea. Mikono ya Neema ikapanda na mikono ya koti ikaning'inia juu yake, macho ameyafumba kwa nguvu mpaka pua imekunjamana. Papa akamfikia kwa hatua ambazo sikuzisikia, akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamchomoa ndani ya koti kama unavyomenya ndizi. Alipolikunja na kulikumbatia kifuani, ndipo nilipovuta pumzi. Chini wakasema Amina, na watoto wakasema Amina.

Nikaanza kazi ya kukusanya. Fungua kiganja, fungua mdomo. Kemunto alinitemea risasi mkononi, imelowa mate, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hii si tamu. Niliishikilia ile risasi, nikakaa juu ya makoti ya watu.

Papa aliitoa bastola, akaifungua, akamwaga risasi zake kwenye leso yangu. Akaitia ikiwa tupu katika mfuko niliomshonea. Halafu akakaa juu ya ngazi ya kwanza, akalia, na sikumnyamazisha.

"Sasa?" nikamuuliza alipojifuta.

"Nashuka," akasema. "Nawaambia mimi mwenyewe, mbele hawajakula."

Angeweza kunyamaza. Ni mimi na yeye tu tuliojua, na watoto walidhani ni mchezo. Alishuka, akasimama katikati ya sebule koti likiwa mkononi, sahani zikigawanywa, akasema, "Ndugu zangu, leo nimeleta bastola kwa watoto wenu." Akaeleza yote, hata ile ya mdomoni. Moraa alimwita Kemunto, akamfuta mdomo kwa mkono wa blauzi yake, akamfuta tena, akawa hawezi kuacha.

"Papa, toka kwangu," akasema. "Nitakusamehe, lakini si leo."

Akavaa viatu akatoka. Mkewe akafuata na watoto wao. Pilau ya siku hiyo ilibaki karibu yote.

Baada ya hapo kanisani hakuna mama aliyemwachia mtoto kumkaribia. Hawakumtukana, walimsalimu vizuri tu, huku wamewashika watoto viganja. Papa alisimama mahali pake palepale baada ya ibada, mfuko wa kushoto umejaa, hakuna anayekuja kwa nyuma. Aliendelea kuzungumza na mchungaji, lakini nilimwona anavyosikiliza kwa mgongo. Iliniuma kumtazama.

Kisha akaja kibandani kwangu na suruali na lile koti. Lindo alikuwa ameliacha, na bastola aliirudishia kampuni. Alikuwa amepata kazi Bloomington, katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, ya kufungulia wageni mlango na kubeba masanduku. Mshahara ulishuka, na mgongo ukarudia kulalamika.

"Suruali rudisha mifuko ya kawaida," akaniambia. "Koti funga. Kulia na kushoto, zote mbili. Uzi mugumu."

Nilichukua kiwembe nikafumua ile kazi yangu nzuri, mshono kwa mshono, na nilikasirika kidogo, fundi ni fundi. Koti nikalifunga upande wa kulia kwa uzi wa kushonea ngozi. Alipokuja kulichukua alijaribu mifuko, mkono wa kushoto ukazama.

"Mama, nilisema zote mbili."

"Wewe ulisema," nikamjibu. "Mimi ndiye fundi. Usipoutaka, tafuta mwingine."

Akalivaa hivyohivyo akaenda.

Baridi ilikuwa karibu kuisha, ile ambayo theluji imebaki kwenye kona za maegesho tu, imechafuka. Ibada ilikwisha, mimi nikabaki kwenye benchi nikitafuta glavu zangu. Papa alikuwa amesimama pake, anazungumza na mchungaji. Moraa alikuwa anafunga vifungo vya mtoto wake. Kemunto akamponyoka, akapita katikati ya watu, akamjia Papa kwa nyuma, upande wa kushoto, kama zamani.

Kidole chake kilipogusa tu mdomo wa mfuko, Papa aliudaka ule mkono. Aliudaka kwa nguvu, uso umempauka, na watu wawili watatu wakageuka. Kisha akaona ni nani. Hakuuachia. Akainua macho akamtafuta Moraa, na kanisa lote pale nyuma likamtazama Moraa.

Moraa aliubana mkoba wake kifuani. Halafu akaitika kwa kichwa, mara moja.

Papa akaachia, kidole kimoja kimoja, akageuka kwa mchungaji akaendelea na habari zake, ingawa sauti haikuwa yake. Mtoto akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa peremende. Hakuimenya. Aliiinua kwanza juu ya kichwa chake, mama yake aione.